Gitaa la pili: lipi litakaa vizuri na lile ulilonalo?

Minada ya korosho ikishaanza na malipo yakaingia, Mtwara na Lindi watu huzungumzia mabati, pikipiki, ada za watoto, na kwa wale wapigaji, gitaa. Wengi la kwanza wanalo tayari. Walilipata kwa kaka, kwa kwaya au kwenye duka la Kariakoo lililotuma mzigo kwa basi. Sasa wanataka la pili, na ushauri wanaoupata mtaani unagongana. Yupo anayesema la pili lazima liwe ghali kuliko la kwanza, la sivyo umetupa hela. Yupo anayesema tafuta la mpingo, maana mpingo ni mti wetu na ndio mti wa muziki. Yupo pia anayesema usinunue kitu, chukua lile gitaa la nailoni lililolala stoo, lifunge nyuzi za chuma, utakuwa na magitaa mawili.

Ushauri wa kwanza unakupeleka dukani na swali lisilo sahihi. Wa pili una ukweli ndani yake, ila umewekwa mahali pasipo pake. Wa tatu unaua gitaa kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Ninapoandika gitaa hapa ninamaanisha gitaa kavu, lile lenye tumbo la mbao lililo wazi ndani, linalotoa sauti bila umeme. Gitaa linalokamilisha jingine ni lile linalofanya kazi ambayo la kwanza haliiwezi, au linaifanya kwa shida. Linaweza kuwa la bei ndogo kuliko la kwanza na bado likakamilisha. Linaweza pia kuwa ghali mara tatu, likawa na sauti ileile ya la kwanza, ila safi zaidi. Hapo umebadilisha gitaa, hujaongeza.

Anayejua ngoma za kwetu ameshalielewa jambo hili hata kama hajawahi kushika gitaa. Kundi la ngoma haliendi kwenye jando na ngoma mbili kubwa za aina moja. Kuna ndogo inayoshika mwendo bila kuchoka, kuna kubwa inayozungumza chini, na kila moja inasikika kwa sababu nyingine haijakaa mahali pake. Wapigaji wa dansi walifanya hivyohivyo na magitaa ya umeme: solo juu, ridhimu katikati, besi chini, na bendi nyingi zikaongeza solo ya pili ya kujibizana na ya kwanza. Magitaa mawili makavu yanadai mpangilio uleule, yawe mikononi mwa watu wawili kwenye kwaya au mwa mtu mmoja anayechagua lipi atoke nalo leo.

Sauti inatoka wapi

Ukidonoa uzi, uzi wenyewe hausukumi hewa nyingi. Mtetemo wake unashuka kwenye daraja, yaani kile kipande cha mbao kilichogundishwa usoni ambako nyuzi zinaishia. Daraja linautikisa ubao wa juu, yaani uso wa gitaa, nao ubao unaisukuma hewa iliyo tumboni na ile ya nje. Kwa hiyo kinacholia hasa ni ubao wa juu. Mgongo na mbavu vinaifungia hewa ndani, na vina mchango wao katika sauti, lakini mdogo kuliko watu wanavyodhani.

Uzi mnene wa juu kabisa, ukitunwa kawaida, hutetemeka kama mara 82 kwa sekunde, na ule mwembamba wa chini kabisa kama mara 330. Sauti za wanadamu wanaoimba ziko humohumo. Ndiyo maana magitaa mawili yanayofanana, yakicharazwa kodi zilezile, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja, mahali palepale pa shingo, hayaongezi muziki. Yanaongeza msongamano, na waimbaji wanaanza kupiga kelele ili wasikike.

Sasa, vitu vinavyoitofautisha sauti ya gitaa moja na nyingine havina uzito sawa. Kwa mtazamo wangu, aina ya nyuzi ndiyo ya kwanza. Ukubwa na umbo la tumbo vinafuata, kisha shingo, kisha ubao wa juu. Mbao za mgongo na mbavu zinakuja mwisho kabisa. Mazungumzo ya mtaani yameupindua mpangilio huu: yanaanza na jina la mti na bei, na suala la nyuzi linakumbukwa mtu akishafika nyumbani.

Lijue kwanza ulilonalo

Huwezi kuziba pengo usilolijua. Lichukue gitaa lako uliangalie.

Nyuzi tatu nyembamba zikiwa zinang'aa kama mshipi wa kuvulia samaki, na kwenye daraja nyuzi zimefungwa kwa mafundo, hilo ni la nailoni. Mara nyingi kichwa chake kina matundu mawili marefu, na shingo inakutana na tumbo kwenye freti ya 12, freti zikiwa vile vijiti vya chuma vilivyopangwa kukatiza shingo. Nyuzi zote zikiwa za chuma, na kwenye daraja kuna pini sita zilizochomekwa, hilo ni la chuma, na kwa kawaida shingo inakutana na tumbo kwenye freti ya 14.

Halafu tazama umbo. Kwenye maduka mengi utakutana na gitaa lenye mabega mapana na kiuno kisichoingia sana. Hilo ni drednoti. Kampuni ya Martin ya Marekani ndiyo iliyolitengeneza, mwaka 1916, kwa ajili ya duka la Ditson, na mwaka 1931 ikaanza kuliuza kwa jina lake yenyewe. Jina lilichukuliwa kwenye manowari ya Uingereza iliyokuwa maarufu wakati ule kwa ukubwa wake. Ukubwa ndio ulikuwa lengo: wapigaji walitaka gitaa lenye besi nzito la kusindikiza waimbaji. Mpaka leo kazi hiyo ndiyo linayoiweza kuliko zote.

Ukishajua aina, jiulize ni wapi linakuangusha. Nyimbo za taratibu zinasikika nzito mno? Ukipiga kwa vidole, besi inameza nyuzi nyembamba? Vidole vinauma kabla mazoezi hayajaisha? Au ni kinyume chake, sauti ni tamu chumbani lakini ukifika kanisani haisikiki hata safu ya pili? Majibu ya maswali haya yanachagua gitaa la pili vizuri kuliko muuzaji yeyote.

Nyuzi: tofauti kubwa kuliko zote

Kama la kwanza ni la chuma, gitaa litakalokupa tofauti kubwa kwa hela ndogo ni la nailoni. Kama la kwanza ni la nailoni, geuza.

Nyuzi za chuma zina sauti inayong'aa, inayokaa muda mrefu, inayopenya kwenye kelele. Ni za kucharaza kwa piki, yaani kile kipande kidogo cha plastiki, za kusindikiza umati. Za nailoni zina sauti ya mviringo, yenye mwanzo laini, na vidole vinazipenda. Zamani zilitengenezwa kwa utumbo wa wanyama, na nailoni ikachukua nafasi hiyo katika miaka ya 1940. Mtu anayependa kudonoa nyuzi kwa dole gumba na kidole cha shahada, kama walivyofanya wapigaji wa Katanga, Kongo, akina Jean Bosco Mwenda aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, anaweza kufanya hivyo kwenye aina zote mbili, lakini wimbo mmoja utazaa hisia mbili tofauti kabisa.

Tuje sasa kwenye ule ushauri wa kufunga chuma kwenye gitaa la nailoni. Nyuzi sita za nailoni zikishatunwa huvuta shingo na daraja kwa nguvu ya kama kilo 40 zote kwa pamoja. Seti ya kawaida ya chuma, hata ile nyepesi, inavuta kwa zaidi ya kilo 70. Gitaa la chuma limejengwa kulikabili hilo: ndani ya uso wake kuna miti ya kuimarisha iliyopishana kama herufi X, na ndani ya shingo kuna chuma kinachoizuia isipinde. Gitaa la nailoni lina miti myembamba iliyotandazwa kama feni, na mara nyingi shingo yake haina chuma. Ukilifunga nyuzi za chuma, siku ya kwanza litalia, na kwa nguvu, ndiyo maana watu wanaamini imefaulu. Kisha uso unaanza kuvimba nyuma ya daraja, nyuzi zinapanda juu ya freti, shingo inajikunja, na kwa joto letu la pwani gundi ya daraja inaachia. Daraja likishang'oka na kipande cha uso, fundi wa fanicha hawezi kukurudishia gitaa lile.

Kinyume chake, nailoni kwenye gitaa la chuma, hakuvunji kitu. Sauti tu itakuwa dhaifu, maana uso ule mgumu unahitaji nguvu zaidi kutikiswa.

Kwa wakazi wa pwani, kuanzia Kilwa mpaka Msimbati, kuna jambo jingine la kupima. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi inakula chuma. Nyuzi za chuma zinazoachwa bila kufutwa baada ya kupigwa zinapata kutu mapema sana, na dukani utapata seti mpya kwa bahati. Nyuzi nyembamba za nailoni hazina habari na kutu kabisa. Zile tatu nene zimezungushiwa waya wa shaba iliyopakwa fedha, hizo zinafifia, lakini gitaa bado linapigika. Anayeishi mbali na maduka ya nyuzi afikirie hili kabla ya kufikiria rangi.

Umbo: nani akae chini, nani akae juu

Tuseme una drednoti na hutaki nailoni, unataka chuma kingine. Basi punguza tumbo. Magitaa madogo, yale yenye kiuno kilichobana na mgongo usio na kina kirefu, hayana besi kubwa. Watu wengi huliona hilo kuwa upungufu, na wanalirudisha dukani. Mimi ninaona ndiyo faida yake. Hewa iliyo ndani ya drednoti hupenda kutetemeka karibu na mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo noti za chini zinapata msaada mkubwa. Tumbo dogo linasaidia za juu zaidi. Likipigwa peke yake linasikika jembamba, lakini likiwekwa pembeni ya drednoti linasikika kila noti, kwa sababu halipiganii mahali pamoja nalo.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea dukani. Wanapiga drednoti, wanapiga gitaa dogo, wanasema hili kubwa lina sauti zaidi, wanalipa. Ni kweli lina sauti zaidi. Ila sauti hiyo tayari unayo nyumbani.

Kama la kwanza ndilo dogo, drednoti litakuwa la pili zuri. Yapo pia magitaa makubwa kuliko drednoti, yanaitwa jambo, yenye tumbo la duara. Yanafaa kwa mcharazaji anayesimama mbele ya kwaya kubwa bila spika. Kwa mtu wa kimo kidogo ni mateso kuyakumbatia, na siyashauri yawe la pili isipokuwa unajua hasa unakwenda kulipigia wapi.

Gitaa la nyuzi 12, zilizopangwa kwa jozi sita, linawavutia wengi kwa ile sauti yake ya kumwagika. Linakamilisha kweli. Lakini nyuzi hizo kwa pamoja zinaweza kuvuta kwa zaidi ya kilo 100, gitaa la bei ndogo linachoka mapema, na kulituni kwenye joto la Desemba ni kazi ya peke yake. Kuna njia ya kuipata sehemu ya sauti hiyo kwa bei ya seti moja ya nyuzi. Nunua seti ya gitaa la nyuzi 12, chukua zile nyembamba za jozi nne za besi, ufunge kwenye gitaa lako la kawaida la chuma badala ya nyuzi nne nene, huku mbili nyembamba zikibaki kama zilivyo. Nyuzi hizo nne zitalia oktava moja juu, yaani noti ileile kwa sauti nyembamba zaidi. Wapigaji wa Nashville, Marekani, wamefanya hivi studioni kwa miaka mingi, na mvuto wake ni mdogo kuliko wa seti ya kawaida, hivyo gitaa halipati hatari. Kama una gitaa kuukuu la chuma ambalo hakuna anayelitaka, huenda hilo ndilo gitaa lako la pili.

Kabla ya hela, kapo

Ninasema hivi kwa sababu ninawaonea huruma vijana wa kwaya wanaochangishana kwa miezi. Mara nyingi tatizo la magitaa mawili yanayogongana linaondoka kwa kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote kwenye freti moja.

Wimbo uko kwenye G. Mpigaji wa kwanza anacharaza kodi za kawaida za G, C na D. Wa pili anaweka kapo freti ya 5 na kubana maumbo, yaani mikao ya vidole, ya D, G na A. Kwa sababu ya kapo, maumbo hayo yanatoa G, C na D zilezile, ila ziko juu zaidi na noti zimepangwa tofauti. Au aweke kapo freti ya 7 na apige C, F na G. Ghafla magitaa mawili ya duka moja yanasikika kama ya watu wawili wenye mambo mawili ya kusema. Jaribuni hivyo kwa wiki kadhaa. Kama bado kuna kitu kinakosekana, sasa mtakijua kwa jina.

Shingo, kwa wale wenye mikono tofauti

Shingo haiongelewi sana ingawa ndiyo mkono unaishi nayo. Kwenye gitaa la nailoni la kawaida, upana wa shingo pale nyuzi zinapoanzia ni kama milimita 52. Kwenye la chuma ni kama 43 au 44. Nafasi kubwa inasaidia vidole vya mkono wa kulia kudonoa bila kugusana, lakini mkono mdogo wa kushoto unahangaika kubana.

Urefu wa uzi unaolia pia unatofautiana. Drednoti nyingi zina kama milimita 645, na magitaa mengi madogo yana kama 632 au pungufu. Tofauti ya sentimita moja na kitu inaonekana ndogo kwenye karatasi, ila uzi uleule ukiwa mfupi unalegea zaidi kwa noti ileile, na freti zinakaribiana. Kama mwanao au mkeo pia anapenda kupiga na anashindwa na la kwanza, la pili liwe la shingo fupi, mtagundua kwamba tatizo halikuwa kipaji.

Mpingo, na yale tunayoyasema kuhusu mpingo

Hapa niwe mwangalifu, kwa sababu mpingo ni fahari ya kusini na mimi mwenyewe naupenda. Misitu ya Lindi, hasa Kilwa, ina mpingo unaojulikana duniani kote kwa watengenezaji wa klarineti, obo na zumari za Waskoti. Wachongaji wa Kimakonde wameufanya mti huu uheshimike hata kwa watu ambao hawajui Newala iko wapi. Ni mti mzito kiasi kwamba kipande chake kinazama majini. Baadhi ya vijiji vya Kilwa vilianza mwaka 2009 kuvuna chini ya cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unatunzwa huku ukitumika.

Lakini kwenye klarineti, mpingo ndio chombo chenyewe: bomba lililochongwa na hewa inayopita ndani yake. Kwenye gitaa mpingo hauwi ubao wa juu, ni mzito mno kutikiswa na uzi. Unatumika kwenye ubao wa vidole, kwenye daraja, na kwa magitaa ya bei kubwa, kwenye mgongo na mbavu. Na nimeshaeleza kwamba mgongo na mbavu si mahali sauti inapoamuliwa.

Jambo hilo limepimwa. Mwaka 2018, watafiti wakiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha matokeo ya magitaa sita ya chuma yaliyojengwa na fundi mmoja kwa namna moja, tofauti ikiwa mbao za mgongo na mbavu tu, kuanzia rozwudi ya Brazili ya bei mbaya mpaka sapele na mahogani. Wapigaji 52 waliyapiga bila kuyaona. Alama walizotoa kwa sauti hazikutofautiana kwa kiasi cha maana. Mpingo haukuwa mmoja wa mbao zile sita, ila kama rozwudi ya Brazili haikuwashinda majirani zake, mtu asikuuzie gitaa kwa jina la mti wa mgongoni peke yake.

Bei yake ipo juu kwa sababu nyingine. Mpingo hukua polepole, mara nyingi umepinda na una mashimo, na kupata ubao mpana wa mgongo wa gitaa ni shida. Jamii nzima ya miti hiyo iliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kuanzia Januari 2, 2017, na ala za muziki zilizokamilika zikaondolewa kwenye masharti hayo Novemba 26, 2019. Ukiona gitaa jeusi la bei ya chini limeandikwa la mpingo, uwezekano mkubwa ni mbao nyingine iliyopakwa rangi.

Mbao inayostahili kuulizwa ni ya juu. Uliza hivi: uso ni ubao mzima au plaiwudi? Chungulia ukingo wa tundu la sauti. Kama mistari ya mbao ya usoni inaendelea moja kwa moja kwenye unene wake, ni ubao mzima. Kama unaona tabaka zilizobandikwa, ni plaiwudi. Ubao mzima wa sprusi unatoa sauti yenye nguvu na mwangaza. Wa seda una joto zaidi na unaitika haraka kwa vidole laini.

Hali ya hewa inapiga kura

Ushauri mwingi wa magitaa umeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao hofu yao ni ukavu unaopasua mbao. Magitaa ya ubao mzima yanapenda unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 45 na 55. Mtwara mjini na Lindi mjini wakati wa mvua, Desemba mpaka Aprili, hewa inapita hapo kwa mbali. Mbao inanyonya unyevu, uso unavimba, nyuzi zinanyanyuka, sauti inakuwa butu. Kusi ikianza, hali inabadilika tena.

Plaiwudi inabadilika kidogo sana. Kwa hiyo watu wanaoidharau hawajawahi kupeleka gitaa kwenye mkesha wa kijijini nyuma ya pikipiki. Kama la kwanza ni la plaiwudi na linavumilia safari, la pili linaweza kuwa la ubao mzima linalobaki nyumbani, ndani ya boksi lake gumu pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kama la kwanza ni la ubao mzima na unaogopa kutoka nalo, la pili liwe la plaiwudi bila aibu yoyote. Kukamilishana kwa kazi ni kukamilishana pia.

Yeyote asiliache ndani ya gari lililofungwa juani. Gundi haistahimili.

Kuhusu umeme: kanisa au ukumbi ukiwa na mikisa, kile chombo cha kuchanganyia sauti, gitaa la pili lenye pikapu, yaani kidude cha kunasa mtetemo wa nyuzi, linakuondolea vita ya maikrofoni. Ile pikapu ya sumaku inayopachikwa kwenye tundu la sauti inafanya kazi kwa nyuzi za chuma pekee. Kwa nailoni unahitaji ya aina nyingine, inayokaa chini ya mfupa wa daraja, kile kijiti ambacho nyuzi zinapita juu yake. Wauzaji wengi hawalisemi hili.

Siku ya kununua

Nenda na gitaa lako la kwanza. Ni mzigo, lakini bila lenyewe unalinganisha na kumbukumbu, na kumbukumbu ya sauti haidumu sana. Nenda pia na mwenzako. Mmoja apige, mwingine ageukie ukuta na kusikiliza. Kisha mpige yote mawili kwa pamoja, mrekodi kwa simu, msikilize nje ya duka.

Angalia shingo kwa jicho moja kutoka kichwani kuelekea darajani, isiwe imejipinda pembeni. Pima nafasi kati ya uzi mnene na freti ya 12, ikizidi milimita 3 kwenye gitaa la chuma jua kwamba mkono utateseka au fundi anahitajika. La nailoni linaruhusiwa kuzidi hapo kidogo. Bana kila uzi kwenye freti ya 12 ulinganishe na ukiwa wazi: noti iwe ileile, oktava juu. Pitisha kiganja nyuma ya daraja, mwinuko mdogo ni wa kawaida, kilima si cha kawaida.

Kwa wanaoagiza kutoka Dar es Salaam, muuzaji akutumie picha ya ukingo wa tundu la sauti, ya daraja kutoka ubavuni, na ya rula ikiwa imesimamishwa kwenye freti ya 12. Akishakubali bei, mwambie alegeze nyuzi kidogo, ajaze magazeti chini ya kichwa ndani ya boksi, na gitaa lipande ndani ya basi, si kwenye buti karibu na injini. Likifika Masasi au Mtwara, liache kwenye boksi usiku mmoja lizoee hewa kabla hujakaza nyuzi.